Ng'ombe wa Mwaitu na Mkono wa Mdogo Wangu

Nianze kwa kusema kwamba sikunyimwa shule. Wako watu wa umri wangu wanaosimulia jinsi walivyotolewa darasani ili kaka zao wasome, na wengi wao wanasema kweli. Mimi niliikimbia mwenyewe nikiwa darasa la sita, miaka ya sitini, kwa sababu hesabu zilinishinda na ng'ombe hawakunishinda. Asa, yaani baba, alinichapa mara mbili akachoka. Mwaitu, mama yetu, akasema kama nataka kushinda na ng'ombe basi nishinde nao, na tangu siku hiyo zizi likawa langu. Kwa hiyo mtu asinihurumie.

Mdogo wangu wa kike alikuwa akiogopa ng'ombe. Hilo nalo liandikwe. Kwetu ni Kilungu, kwenye mteremko, na zizi lilikuwa hatua chache kutoka jikoni. Ndama akifunguliwa, yeye alikimbilia nyuma ya ghala. Siku moja ndama alimramba tu mguu, akapiga mayowe mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Nilimcheka mwaka mzima. Nikikamua, alisimama mbali na kitabu chake na kuniuliza maswali ya kijinga, kwamba ng'ombe hujuaje ndama ni wake, kwamba maziwa hukaa wapi kabla ya kutoka. Nilimjibu nilivyotaka. Mengine nilitunga.

Alipomaliza kidato cha nne alitaka unesi. Aliandika barua nyingi, lakini iliyojibiwa ilitoka chuo cha afya ya mifugo. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Utaenda kufundishwa nini? Kukimbia?"

"Nitazoea," alisema, na akaenda, akakaa huko miaka miwili.

Katikati ya miaka hiyo Asa alifariki. Alituacha na ng'ombe mmoja wa gredi, yaani wa maziwa wa kizungu, mwekundu mwenye mabaka meupe, aliyemnunua kwa mzungu mmoja wa upande wa Konza aliyekuwa akihama. Mwaitu alikuwa akisema huyo ndiye mume aliyembakia. Magoti yake yalikuwa mabovu, hakuteremka zizini, lakini kila jioni alikaa mlangoni kusubiri kibuyu cha maziwa na kukipima kwa macho. Nyumba yetu ndiyo pekee kwenye kilima chetu ambapo wageni wa kanisa walikunywa chai ya maziwa hata kiangazi, na Mwaitu aliijua sifa hiyo na kuila polepole. Sifa ilikuwa yake. Kazi ilikuwa yangu, na niliridhika.

Kisha mdogo wangu akarudi, amevaa ovaroli ya kijani na gambuti nyeupe, na akapangiwa njia yetu hii hii, kutoka barabara ya Mombasa kupanda vilimani. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe bila dume. Watu waliiita eiai. Kila siku ya kazi gari la mifugo lilipita asubuhi, yeye mbele kando ya dereva, na nyuma tangi dogo lenye baridi isiyo ya dunia hii. Akilifungua, moshi mweupe ulimwagika chini badala ya kupanda juu. Ndani mlikuwa na mirija myembamba kuliko bua la ngano, na katika kila mrija mbegu za dume ambalo huenda lilikuwa limekufa zamani. Alivaa glovu ya plastiki mpaka begani, akaingiza mkono mmoja nyuma ya ng'ombe ili aushike kwa ndani mlango wa mfuko wa uzazi, na kwa mkono wa pili akaupitisha mrija. Ng'ombe mwenyewe aliendelea kutafuna majani ya nepia. Mtu ambaye ng'ombe wake ameshika joto, yaani anataka dume, alitundika jani la mgomba kwenye mti wa kando ya barabara, na gari likiona jani lilisimama.

Siku ya kwanza walikuja watu ambao hawakuwa hata na kuku. Walitaka kumwona msichana akiingiza mkono ndani ya ng'ombe. Akina mama walijifunika nyuso kwa leso na kuchungulia. Baba yetu mdogo, ndugu yake Asa, alitema mate kando akasema kazi ya kushika matumbo ya ng'ombe wa watu si ya mtoto wa kike. Nilisimama karibu naye, nikisubiri mdogo wangu akimbie. Hakukimbia. Uso ulikuwa umempauka, jasho likimtoka juu ya mdomo, lakini mkono uliingia mpaka begani. Ng'ombe yule hakurudi kushika joto, na baada ya miezi tisa alizaa ndama ambaye watu walimzunguka kumwangalia kama bibi harusi. Kuanzia hapo walimwita daktari. Hakuwa daktari, na hakuwakataza.

Nilimwonea wivu. Sitafuti neno laini. Niliona wivu kwa gambuti zake, kwa kiti chake cha mbele, kwa vile wanaume wenye mvi walivyokuwa wakimngoja barabarani wakiwa wamevua kofia. Zaidi ya yote niliona wivu kwamba alikuwa akiheshimiwa kwa sababu ya ng'ombe. Angekuwa nesi ningempongeza kwa moyo mweupe. Lakini ng'ombe walikuwa wangu.

Lakini ukimwacha ng'ombe yule, mwaka wa kwanza haukumwendea vizuri. Ng'ombe wengi walirudi kushika joto, na jioni moja alikuja zizini nikikamua. Alisimama mbali kidogo, kama zamani.

"Dada, wewe unajuaje hii imeshika joto na iko peke yake? Kule chuo zilikuwa nyingi, zinapandana, unaona tu ile inakubali kupandwa. Hapa kila mtu ako na moja. Wananiita wakati joto imeisha."

Nikamweleza. Kwa nini nisimweleze? Ilikuwa mara ya kwanza mtu aliyesoma kuniuliza neno. Nilimwambia asubuhi ile maziwa hupungua kidogo bila sababu. Ng'ombe huacha kucheua katikati, kana kwamba ameitwa. Masikio hutazama pande mbili. Ukimkwaruza mgongo karibu na mkia, huinama kiuno na kuweka mkia kando. Na alfajiri, kabla haujafutika, kuna uzi wa ute kwenye nywele za mkia, mwangavu kama ule wa yai bichi.

"Hiyo ya mwisho iko kwa kitabu," alisema. "Hizo zingine haziko." Akatoa daftari akaziandika zote, akiniuliza tena ile ya masikio.

Baada ya wiki mbili kulikuwa na baraza la chifu. Mdogo wangu alisimama mbele akawafundisha watu dalili za joto kwa ng'ombe wa peke yake. Maziwa, kucheua, masikio, kiuno, uzi wa alfajiri. Kwa mpangilio wangu. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja akamwuliza haya yote aliyapata wapi.

"Ni kazi, mzee," alisema. "Ukikaa na ng'ombe, utajua."

Mimi niliyekaa na ng'ombe nilikuwa nyuma, kwenye nyasi, na wanawake wengine. Hakutazama upande wangu. Mama aliyekuwa karibu nami alinigusa goti akasema, "Huyu mdogo wako amesoma kweli." Nikasema, "Sana." Walimpa kuku kwa shukrani, naye akamleta nyumbani akanikabidhi nimchinje. Nilimchinja. Nilimla pia, na alikuwa mtamu, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Kutoka hapo kazi yake ilinyooka. Watu waliita mapema, ng'ombe wakashika mimba, na ikasemekana afisa wa mifugo angemchagua kwenda kusomea zaidi. Mwaitu alianza kumsubiri yeye mlangoni jioni badala ya kukisubiri kibuyu. Kisha ikafika zamu ya ng'ombe wetu. Mdogo wangu alikuwa ameomba mirija ya dume fulani la sifa na kuiweka kando kwa ajili ya Mwaitu. Kilima kizima kilijua. Alichongoja ni jani langu tu.

Jumanne moja alfajiri nikaona ule uzi kwenye mkia. Maziwa yalikuwa yamepungua. Masikio, moja lilitazama mlimani, jingine bondeni. Nilikata jani la mgomba nikatoka nalo mpaka kando ya barabara. Hapo nikasimama. Nilijiona nikilitundika, gari likisimama, yeye akishuka na glovu zake, Mwaitu akiletewa kiti, na watu wakisema daktari, daktari. Nikalitupa jani mtaroni. Gari lilipopita alinipungia mkono, nami nikampungia.

Nilitundika jani Alhamisi. Kufikia Alhamisi joto lilikuwa limekwisha kabisa, na mimi nilijua hivyo kuliko mtu yeyote kati ya Kilungu na Matiliku.

"Ilianza lini?" aliniuliza akivaa glovu.

"Jana jioni," nikasema.

Aliniamini. Kwa nini asiamini? Alipandisha, Mwaitu akiwa kwenye kiti chake, na baada ya wiki tatu, Jumanne tena, ng'ombe akashika joto upya. Nilijiambia mara ya kwanza ilitosha. Lakini jioni iliyotangulia Mwaitu alikuwa amenituma nifue ovaroli ya mdogo wangu, nami niliifua nikiwa nimeuma meno. Nikatundika jani Alhamisi. Mara ya tatu sikuhitaji hata sababu.

Mdogo wangu alitafuta kosa. Alilikagua tangi, alibadilisha mirija, alichemsha vifaa upya, alimwandikia barua mwalimu wake wa chuo. Kikulacho ki nguoni mwako, na zizini hakutafuta. Ndivyo nilivyoamini.

Watu nao walitafuta kosa lao. Ng'ombe wa wengine wanashika mimba, wa mamake anakataa mara tatu: lazima kuna jambo. Baba mdogo ndiye aliyelipa jina. Alikuja nyumbani akaketi, akanywa chai, akasema ng'ombe yule ni wa marehemu, na mtoto wa kike hawezi kuingiza mkono ndani ya mali ya babake aliyekufa bila kuleta thavu. Thavu ni unajisi unaomwingia mtu akivunja miiko ya nyumba yao, na wazee walikuwa na dawa ya kuuosha. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, hatukuiendea. Mchungaji alisimama Jumapili akasema Mkristo hana thavu, na Jumatatu akampeleka ng'ombe wake kwa dume la jirani. Majani ya mgomba yakapungua barabarani. Wiki nyingine gari lilipita njia nzima bila kusimama, mdogo wangu akiwa ametazama mbele.

Mwaitu aliniita. Nakumbuka alikuwa akimenya mbaazi na hakuniangalia.

"Wewe ndiye unalala na kuamka na hii ng'ombe," alisema. "Niambie. Uliona nini?"

Hapo palikuwa na mlango wazi, mpana wa kupita lori. Ningesema nilichelewa. Nisingehitaji hata kusema makusudi. Mwaitu angenigombeza, mdogo wangu angepandisha mara ya nne kwa wakati wake, na maneno ya baba mdogo yangekufa kabla ya mavuno.

"Mwaitu," nikasema, "nimeona mkono wake haushiki."

Alitikisa kichwa polepole. Wiki iliyofuata nilimswaga ng'ombe mwenyewe mpaka soko la mifugo la Matiliku, kwa kuwa wazee walitaka auzwe nje ya ukoo, na tasa hana bei ya kuringia. Alinunuliwa na mfanyabiashara kutoka Kitui aliyemtazama meno, akamtazama kiwele, akaniuliza ana shida gani. Nilisema hana shida. Lilikuwa neno la kweli pekee nililolisema mwaka ule. Ng'ombe alinifuata nilipoanza kuondoka, na mtu wa kamba akamvuta.

Nyumbani tukanywa chai ya rangi. Mwaitu hakulalamika. Wageni wa kanisa walipokuja aliwaomba radhi kwa sauti ndogo, na baadaye wakawa wanapita kwenda nyumba nyingine. Nafasi ya kusomea zaidi akapewa mtu mwingine. Mdogo wangu akaomba uhamisho, akapelekwa Migwani, nchi kavu ambako ng'ombe wa gredi walikuwa wachache. Alipokuwa akija kututembelea, Mwaitu alimpa kiti na chakula kizuri, halafu akamwomba kwa upole asikaribie mbuzi tuliobaki nao. Mdogo wangu alikubali. Alikaa upande wa barabara wa nyumba, mikono mapajani.

Ungedhani basi niliridhika. Kutoka Migwani zilikuja sukari, dawa za magoti, blanketi nzito ya bluu. Mwaitu aliionyesha blanketi kwa kila aliyebisha hodi, na mimi niliyempaka mafuta magotini kila usiku nilisikia wivu ukiamka upya.

Mwaitu aliugua miaka ya tisini mwanzoni, akakaa kitandani miezi miwili. Nilimlisha mimi. Siku moja, sauti ikiwa imebaki kidogo, alisema akifa tumwoshe mimi na shangazi. "Yule wa Migwani akae nje," alisema. "Nampenda, lakini akae nje." Nilikuwa nimeshika kijiko. Nilikuwa na muda, nilikuwa na maneno, na hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Nilimfuta mdomo.

Alipofariki, mdogo wangu alifika kabla ya mazishi, akaambiwa, akasimama nje ukutani na mikono ndani ya sweta. Mimi na shangazi tukaosha. Nitasema yote, kwa kuwa nimeanza: nilipokuwa nikimkausha Mwaitu miguu, kwa muda mfupi nilifurahi kwamba alikuwa wangu peke yangu.

Ilipita miaka mitatu kabla sijaenda Migwani kumtembelea. Alikuwa na nyumba ya serikali yenye sakafu ya saruji, mapazia ya maua, mbuzi wa maziwa wanne, na watu waliomsalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Niliviona vyote kimoja kimoja na kila kimoja kiliniuma. Jumamosi asubuhi tulikaa kivulini mwa nyumba tukichambua ndengu, na bila kubadilisha sauti akasema:

"Dada, ile ng'ombe ya mwaitu. Mara ya pili nilijua."

Niliendelea kuchambua.

"Mkono unajua. Joto ikiwa bado, ule mlango wa ndani unalegea. Yenyewe ilikuwa imefunga kabisa. Na mara ya tatu glovu ilitoka na damu kidogo. Hiyo ni ng'ombe joto imeisha juzi."

"Na bado ukaweka mrija?"

"Niliweka. Mwaitu alikuwa anaangalia."

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Sauti yangu ilikuwa kali, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

"Ningesema imechelewa, mwaitu angeuliza nani anaangalia ng'ombe," alisema. "Mimi nilikuwa na kazi. Wewe ulikuwa na hiyo zizi peke yake. Na kwa baraza nilikuwa nimekula jasho yako, nikanyamaza, nilijua hasira yako ilitoka hapo. Nikafikiri utaniambia mwenyewe. Nikangoja. Halafu baba mdogo akaleta hayo maneno ya thavu, na hapo ningefungua mdomo, watu wangesema namsingizia dada yangu."

Aliokota kijiwe kwenye ndengu akakitupa. Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Mwaitu ulimwambia? Kabla hajaenda?"

"Sikumwambia."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Mimi nilikusamehe zamani," alisema. "Hiyo ya mwaitu si yangu kusamehe."

Tukamaliza kuchambua. Alipika, tukala, akanisindikiza stendi akiwa amenibebea mzigo. Njia nzima ya kurudi Kilungu nilikuwa na aibu, sikatai. Lakini juu ya aibu kulikuwa na lile jambo la zamani, lenye nguvu zake zote. Mdogo wangu aliyemkimbia ndama alikuwa amebeba uovu wangu zaidi ya miaka kumi, akaambiwa akae nje mamake akioshwa, na hakuutua. Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwonea kwa gambuti. Ningekuwa na roho kama ile hata siku moja, Mwaitu angekufa akijua mkono wa mwanawe ulikuwa safi.